Usiku wa Vienna na Masikio ya Samail

Jumba la Opera la Kifalme lilipofunguliwa Maskati, Oktoba 2011, kazi iliyochaguliwa kwa ufunguzi ilikuwa Turandot ya Giacomo Puccini, na aliyeongoza okestra alikuwa Plácido Domingo. Mengi yalisemwa juu ya marumaru, mbao za kuchongwa na wageni waliohudhuria. Mimi huvutwa zaidi na habari ya mtunzi mwenyewe. Puccini alifariki Novemba 1924 akiwa hajaimaliza Turandot. Miezi michache kabla ya hapo, Aprili, alifunga safari hadi Florence kwenda kumsikiliza Arnold Schoenberg akiongoza Pierrot lunaire, kazi ya sauti moja na wapigaji watano ambayo Wataliani wengi waliiona ni makelele. Puccini alikuwa na umri wa miaka 65, anapendwa nchi nzima, hana haja ya kumfurahisha yeyote. Alikaa na nakala ya muziki mbele yake, akaufuata mstari kwa mstari, kisha akaenda kuonana na Schoenberg.

Sisemi kwamba Pierrot iliingia ndani ya Turandot; wakati ule sehemu kubwa ya opera ilikuwa imeshaandikwa. Nasema tu kwamba ukumbi mkubwa wa kwanza wa muziki wa Kizungu katika Omani ulifunguliwa kwa kazi ya mzee aliyekuwa na adabu ya kusikiliza kitu kigeni mpaka mwisho. Habari za muziki ule mgeni, na za watu walioupiga jukwaa moja na muziki wa wazee wao, zinastahili kuwafikia wasomaji wa Kiswahili wa Samail, Nizwa na Ibra huku bara ya Omani, na wale wa Unguja na Mombasa.

Kwanza tuelewane ni muziki wa namna gani. Aliyekulia na taarabu analijua jambo hili hata kama hajafundishwa darasani. Wimbo wa rasti au bayati hupanda, huzunguka, huhamia maqamu ya jirani, lakini msikilizaji hatulii mpaka sauti irudi pale ilipoanzia. Fundi wa kanuni akiyachelewesha marejeo hayo, watu hutikisa vichwa na kuguna kwa raha, kama msafiri wa jangwani anayejua kisima hakiko mbali. Muziki wa Haydn, Mozart na Beethoven nao una sauti yake ya kurejea, ingawa ngazi zake ni nyingine. Schoenberg na wanafunzi wake wawili, Anton Webern na Alban Berg, ndio waliothubutu kuandika muziki usiorejea popote. Sauti zote kumi na mbili za piano zikawa sawa, hakuna bwana wala mtwana. Huo ndio uliokuja kuitwa muziki wa atonali. Mwanzoni uliandikwa mara nyingi kwa ala chache, ikiwemo kwarteti: fidla mbili, viola na selo, watu wanne wanaotazamana bila ya kiongozi.

Usiku ninaotaka kuanza nao ni wa tarehe 21 Desemba 1908, katika ukumbi wa Bösendorfer mjini Vienna. Kwarteti ya Arnold Rosé ilipanda jukwaani na kazi mpya ya Schoenberg, kwarteti yake ya pili. Tumwangalie Rosé kwanza, maana bila yeye kisa hiki hakina miguu. Alikuwa mpiga fidla wa kwanza wa okestra ya Opera ya mfalme tangu 1881, na mwaka uliofuata akaunda kwarteti yake. Mwaka 1890 yeye na wenzake walikuwa wa kwanza kupiga mbele ya watu kazi ya Brahms ya ala tano za nyuzi, opus 111. Watu wa Vienna walimwendea Rosé kusikia Haydn na Beethoven, wakijua hakuna awezaye kuwapigia vizuri zaidi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kwamba kijana Schoenberg asikilizwe.

Kwarteti yenyewe inaanza kwa ustaarabu wa kizamani, katika ngazi inayojulikana. Katika sehemu ya pili unapita wimbo wa mtaani ambao kila mtoto wa Vienna aliujua. Halafu linatokea jambo ambalo kwarteti za nyuma hazikulizoea: mwanamke anasimama na kuimba. Alikuwa Marie Gutheil-Schoder, mwimbaji wa Opera, naye aliimba mashairi mawili ya Stefan George. Katika sehemu ya mwisho alama za ngazi zinaondolewa mwanzoni mwa mistari, na muziki unaachia ardhi. Ukumbi ulichafuka. Wapo waliocheka, waliozomea, na waliowapigia kelele wanaozomea. Magazeti ya mji yaliandika habari ile kama yanavyoandika ugomvi wa barabarani. Rosé na wenzake waliendelea kupiga mpaka nota ya mwisho.

Miaka minne na ushei baadaye, 31 Machi 1913, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika ukumbi mkubwa wa Musikverein, Schoenberg aliongoza okestra katika kazi za Webern, Zemlinsky, Berg na yake mwenyewe. Nyimbo za Berg zilipopigwa, watu walishikana mashati. Polisi wakaitwa, na baadaye kofi moja lilifika mahakamani. Inayonisikitisha ni kazi iliyopangwa kufunga usiku ule: nyimbo za Gustav Mahler za kuwalilia watoto waliokufa. Mahler alikuwa ameshafariki miaka miwili nyuma, na alikuwa mlinzi wa Schoenberg enzi za uhai wake. Muziki ule ndio ungewaonyesha wasikilizaji kwamba hawa vijana wana baba, wametoka mahali. Hawakuusikia. Tamasha lilivunjika kabla haujafikiwa.

Naamini hapo ndipo Schoenberg alipopata fundisho lake kubwa, na lilihusu upigaji zaidi kuliko utunzi. Novemba 1918, vita imekwisha, dola ya Austria imesambaratika, mji hauna makaa wala unga wa kutosha, yeye na wanafunzi wake wakaunda chama cha kupiga muziki mpya faraghani. Sheria zake zilikuwa ngumu. Huingii bila ya kuwa mwanachama. Waandishi wa magazeti hawakaribishwi. Hujui kitakachopigwa mpaka uwe umeshakaa. Hakuna kupiga makofi wala kuzomea. Kazi ngumu hurudiwa, pengine usiku uleule, pengine wiki zinazofuata, mpaka sikio lizoee. Na kabla ya kupigwa mbele ya watu, ilifanyiwa mazoezi mengi kupita kawaida ya kumbi za kulipia. Kwa miaka mitatu walipiga matamasha 117, kazi 154.

Nani walipigwa humo? Mahler, Debussy, Scriabin, Reger, Bartók, Ravel. Msimu wa kwanza Schoenberg hakuruhusu muziki wake mwenyewe upigwe. Hakutaka chama kiwe duka lake. Fedha ilipoanza kuporomoka na chama kukosa hata ada ya ukumbi, walifanya jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Tarehe 27 Mei 1921 waliandaa usiku wa waltz za Johann Strauss, muziki wa kuchezea dansi wa babu zao. Schoenberg alizipanga upya mbili, Berg moja, Webern moja, kwa ala chache walizokuwa nazo. Mwanafunzi wake Kolisch akashika fidla, mwenzake Steuermann piano, Webern selo, Berg akakaa kwenye harmoniamu. Mwisho wa usiku hati walizoziandika kwa mikono yao zilinadiwa ili chama kipate fedha. Haya ndiyo majina yaliyotajwa kuwa maadui wa muziki wa kale, na kwa ajili ya usiku ule waliipanga upya kwa upendo, nota baada ya nota, dansi ambayo kila mpishi wa Vienna aliweza kuipiga mluzi. Mfumuko wa bei ulikiua chama mwishoni mwa mwaka uleule.

Webern alikuwa na mizizi mirefu kuliko wote. Shahada yake ya udaktari, aliyoipata Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1906, ilihusu Heinrich Isaac, mtunzi wa nyimbo za kanisani aliyefariki mwaka 1517. Mtu huyohuyo mwaka 1909 aliandika vipande vitano kwa kwarteti, opus 5, ambavyo vyote pamoja huchukua dakika kama 11, na baadaye vingine sita visivyofika dakika tano. Ukivisikia mara ya kwanza unadhani hakuna kinachotokea: mnong'ono, mkwaruzo wa upinde, nyuzi zikidonolewa kwa kidole, kimya. Ukirudia unaanza kuona jinsi sauti moja inavyoijibu nyingine, kwa hesabu ileile ya waimbaji wa karne ya 15.

Sasa tugeuke tuelekee kwetu, maana muziki huu uliwahi kufika karibu na mlango wetu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1913 Béla Bartók, Mhungaria, alikwenda Biskra, Aljeria, na mashine ya kurekodia, akakusanya nyimbo na ngoma za Waarabu wa kule. Mwaka 1915 akaanza kuandika kwarteti yake ya pili. Sehemu ya katikati ina mdundo unaokwenda bila ya kuchoka na sauti ya fidla inayozunguka ndani ya nafasi nyembamba, na anayezijua ngoma za Kiarabu hahitaji kuambiwa ulitoka wapi. Kisha mwaka 1932 Mfalme Fuad wa Misri aliitisha kongamano la muziki wa Kiarabu mjini Cairo. Walikuja mafundi kutoka Iraki, Shamu, Tunisia, Aljeria na Moroko, na kutoka Ulaya wakaja Bartók, Paul Hindemith, Alois Hába aliyekuwa akiandika muziki wa robo za sauti, na Egon Wellesz, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Schoenberg na mwandishi wa kitabu cha kwanza kuhusu maisha yake.

Palizuka mabishano makali. Miongoni mwa Wamisri wapo waliotaka piano na ala za Ulaya ziingie ili muziki wao uendelee mbele. Kati ya wageni wapo waliowasihi wasiguse kitu, wabaki na udi na kanuni zao. Naona pande zote mbili zilikosa jambo moja, nalo ni kwamba hakuna aliyelazimika kuchagua. Kampuni ya His Master's Voice ilirekodi mafundi waliohudhuria. Kampuni hiyohiyo, miaka minne kabla, ilikuwa imemrekodi mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, mjini Bombay, akiimba kwa Kiswahili juu ya ala za Kiarabu. Unguja haikungoja kongamano.

Tena Unguja ilikuwa na utaratibu ambao Vienna ingeuheshimu. Usiku wa taarabu wa vyama vya zamani, Ikhwani Safaa kilichoanza 1905 na vilivyokifuata, ulifunguliwa kwa bashrafu: ala tupu, bila ya mwimbaji, muundo wa kale uliotoka kwenye majumba ya Waturuki na kupitia Misri. Baada ya bashrafu ndipo zije nyimbo, na za karibuni kabisa ndizo zilizosubiriwa kwa hamu na kutuzwa. Hakuna aliyeona ajabu. Bashrafu iliyatayarisha masikio na kuwakumbusha wapigaji wao ni wanafunzi wa nani, ndipo mtunzi wa juzi akapata nafasi yake.

Aliyelifanya jambo hilo, la kuweka jipya kando ya la kale, kwa muziki wa atonali kwa ukamilifu kuliko wote ni Rudolf Kolisch, yule mpiga fidla wa usiku wa waltz. Utotoni aliumia kidole cha mkono wa kushoto, akalazimika kujifunza upya, fidla mkono wa kulia na upinde mkono wa kushoto. Alisoma kwa Schoenberg, na mwaka 1924 dada yake Gertrud akaolewa na mwalimu huyo. Kwarteti yake ndiyo iliyopiga kwa mara ya kwanza kazi kubwa za Berg, Schoenberg na Bartók, na ilikuwa na sifa iliyowashangaza watu: walipiga kwa ghibu. Hapakuwa na karatasi mbele yao. Wamishonari wa muziki mpya waliwahifadhi Mozart, Beethoven na Schubert kichwani, na kazi kadhaa mpya vilevile. Mtu wa Samail aliyekaa chini ya mwalimu wa Kurani akarudia aya mpaka ikakaa anajua nini hutokea kitu kikishahifadhiwa. Unaacha kukitazama, unaanza kukisikia kutoka ndani.

Mwaka 1933 Schoenberg, Myahudi, alifukuzwa na Ujerumani ya Hitler, akaishia Los Angeles akifundisha chuo kikuu. Januari 1937, kwa fadhila za Bibi Elizabeth Sprague Coolidge, Kolisch na wenzake walipiga hapo matamasha manne. Katika kila moja palikuwa na kwarteti ya Schoenberg na moja ya zile za mwisho za Beethoven, jukwaa moja, jioni moja. Ya nne ya Schoenberg ilikuwa mpya kabisa, ikisikika kwa mara ya kwanza. Kwa siku hizohizo, Alfred Newman, mtu wa muziki wa filamu, aliwafungulia studio wakazirekodi zote nne, na sahani chache zikachapwa.

Mpango ule una hekima nyingi. Beethoven wa mwisho hakuwa rahisi kwa watu wa zama zake. Machi 1826 kwarteti yake opus 130 ilipopigwa kwa mara ya kwanza, sehemu ya kufungia, ile fuga kubwa, iliwashinda wasikilizaji, naye akashawishika kuiondoa na kuandika mwisho mwingine. Miaka 111 baadaye Beethoven ni mzee anayeheshimiwa na Schoenberg ni mgeni asiyeeleweka. Wakae pamoja jioni moja, na msikilizaji anagundua mwenyewe, bila ya hotuba, kwamba mzee bado ni mgumu na kwamba mgeni anaongea kwa lafudhi ya ukoo uleule. Naye Rosé mzee, aliyempigia Schoenberg usiku ule wa 1908, hakuachwa salama. Wanazi walipoingia Vienna 1938 alifukuzwa Opera baada ya zaidi ya nusu karne, akafia London 1946. Binti yake Alma, mpiga fidla, aliongoza okestra ya wanawake wafungwa huko Auschwitz na akafia humohumo 1944.

Turudi sasa nyumbani. Samail iko kwenye pengo la milima ya Hajar, mahali ambapo safu ya mashariki na ya magharibi zinaachana, na kila aendaye Maskati kutoka Nizwa hupita hapo. Haikuwa nchi ya ala. Tangu 1913 hadi katikati ya karne, bara ya Omani ilikuwa chini ya Maimamu, na Imamu Muhammad bin Abdullah al-Khalili, aliyeshika uongozi 1920, alikuwa mtu wa Samail. Katika utawala huo fidla na udi havikuwa na nafasi. Sikio lililelewa na kisomo, na kasida, na razha ya wanaume wenye panga. Alikuwa na sikio hilo Abu Muslim al-Bahlani, mzaliwa wa Mahram katika Wadi Bani Ruwaha, aliyehamia Unguja kijana, akawa kadhi, akaanzisha gazeti la Al-Najah mwaka 1911, na kuandika huko kasida za kuililia Omani ambazo bara huhifadhiwa hadi leo. Alifariki Unguja 1920.

Alikuwa na sikio hilo pia Abdullah bin Ali al-Khalili, aliyezaliwa Samail 1922, mtoto wa ndugu yake Imamu. Huyu aliimiliki kasida ya kale kwa mizani na vina hata akaitwa amiri wa ufasaha. Na huyuhuyu, mtu wa ukoo wa wanazuoni, akaandika pia mashairi huru yasiyofungwa na urefu mmoja wa mstari. Hakuitupa kasida kwanza. Aliviandika vyote viwili, na wasomaji wake wakavipata vyote viwili, mpaka alipofariki mwaka 2000. Yeye ndiye jirani yangu wa karibu kabisa ninapomfikiria Webern na Heinrich Isaac wake.

Mwaka 1985 Sultan Qaboos aliamuru iundwe okestra ya Waomani. Walichaguliwa vijana, wavulana na wasichana, wengi hawajawahi kugusa upinde, wakafundishwa kuanzia alifu, na mwaka 1987 walipiga tamasha lao la kwanza. Okestra ikiwepo, watu wanne wa kwarteti wamo ndani yake. Kwa hiyo fidla na viola tunazo, walimu tunao, na watoto wa bara waliozihifadhi kasida hatuna shida ya kuwatafuta.

Ningependa kuona jambo hili likifanyika Samail, wala si lazima ukumbi uwe mkubwa. Wapigaji wanne waanze na kwarteti moja ya Haydn ya opus 33, ya mwaka 1781, ambayo kila mtu ataifurahia bila ya maelezo. Waifuatishe Webern opus 5. Kisha kijana mmoja asome kasida moja ya al-Khalili na shairi huru lake moja, kwa sauti, bila ya ala. Halafu Webern apigwe tena, kama walivyofanya Vienna, kwa watu walewale ambao dakika chache zilizopita hawakujua wakishike wapi. Haydn ni dakika 20 hivi, Webern mara mbili ni 22, na mashairi yapewe robo saa. Wakianza baada ya sala ya Alasiri, watamaliza na kunywa kahawa kabla ya Magharibi.